Nzi Hawakutua

Nzi hawakutua juu ya karai.
Hilo nalikumbuka sasa, miaka sita baadaye;
siku ile tulilisifu: tazameni samaki safi,
hata nzi wanamwonea haya.
Yalikuwa matanga ya mzee Odak, huku Mfangano,
na wageni walikuwa wengi kuliko sahani.
Wifi yangu Apondi alinifichia kichwa cha mbuta.
Nilifyonza jicho. Nikafyonza na la pili.

Paka ndiye aliyetangulia.
Alizunguka mafiga kama aliyesahau kitu,
akalala ubavu, akapiga hewa mateke.
Kisha midomo yangu ikawa si yangu,
nikawa naigusa kama mlango wa jirani.
Usiku ule boma zima lilitapika.
Wazee walisema ni marehemu, hakuridhika na fahali aliyechinjiwa.
Mhubiri naye alisema lake.
Muuguzi wa zahanati alichota damu yangu kichupa kimoja,
akakizika kwenye barafu ya wachuuzi wa samaki;
kikapanda boti hadi Mbita, kikaenda Kisumu,
na mpaka leo damu yangu haijaandika barua.

Mjukuu wa Nyasuba tulimzika Jumanne,
mbavuni mwa mzee, udongo ukiwa bado laini.
Wengine walipona. Husemwa hivyo: walipona.
Na mimi nimo katika hesabu hiyo,
ila vidole hivi vitatu vya kulia
vilibaki kule kule kwenye karai.

Mimi ni fundi cherehani.
Sindano ikinidunga siambiwi;
naona doa jekundu kwenye kola ya mtoto wa watu,
ndipo najua.
Maji ya ziwa asubuhi, yaliyo baridi, huniunguza kama makaa.
Chai ya moto sijui kama ni ya moto.
Binti yangu Awino hunitungia uzi kabla ya kwenda shule,
sindano kumi na mbili, anazichomeka kwenye sponji,
zikiniishia saa nane nafunga duka saa nane.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa upande wa Wakula,
Obura, ameleta suruali ipunguzwe kiuno.
Nilimzungushia futi. Alikuwa mwembamba kama mwiko.
Alipotoa malipo, sarafu ilimchezea kiganjani, ikaanguka.
Nikainama, nikaigusa, sikuihisi.
Akainama, akaihisi, hakuweza kuishika.
Tukawa wawili sakafuni, watu wazima na akili zetu,
tunafukuza shilingi ishirini kama kuku na punje.

"Kumbe na wewe ulikula matangani?" nikamwuliza,
na nilikuwa karibu kucheka, kwa kumpata mwenzangu.

Alikaa kimya mpaka sarafu ikaacha kuyumba.
"Matangani sikuja," akasema.
"Mimi kopo nilifungua kwa meno."

Sikuuliza kopo la nini.
Linajulikana: lile la kunyunyizia pamba,
lenye fuvu kwenye karatasi yake,
na huku kisiwani hakuna alimaye pamba.
Usiku mmoja, ghuba moja, samaki wanaelea matumbo juu,
unawakusanya kama nguo zilizoanguka kambani.

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.
Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:
niliuona, sikuuhisi,
sijui niliubana kwa nguvu kiasi gani.

Ndipo Awino akaingia, ametoka shule, vumbi mpaka magotini.
Akamwamkia mgeni.
Akaiokota ile ishirini kwa vidole viwili tu,
kirahisi, kama mtu anayechuma jani,
akasita katikati yetu,
hajui ni ya nani.

Suruali ningali nayo.
Kiuno nimeshakipunguza inchi mbili.
Pindo la mguu wa kushoto bado.
Kwenye sponji imebaki sindano moja,
ina uzi tayari, mweusi, unaofanana na kitambaa,
nami naizunguka tangu asubuhi
nikishona za wengine kwanza.